Mtu wa Kamba Kwenye Mlango wa Darasa

Chuoni Apolonia alifundishwa namna ya kumnyang'anya mwanafunzi simu. Nyoosha mkono, usipandishe sauti, simu isirudi mpaka mzazi aje. Hakuna aliyemwambia afanyeje ikiwa mwanafunzi mwenyewe ndiye mzazi, ana wajukuu wawili, na kiganja chake ni kigumu kama mpini wa jembe.

Darasa lake lilikuwa la watu wazima. Saa tisa alasiri, watoto wa shule ya msingi wakishatawanyika, waliingia wao: wachimbaji wenye vumbi kwenye nyusi, wasaga mawe, mama wa chakula, dalali wa dhahabu. Walijibana kwenye madawati ya darasa la nne, magoti yakigusa videvu, wakijiandaa na mtihani wa maarifa, ule unaomfungulia njia ya kidato cha nne mtu ambaye sekondari aliiona kwa nje tu. Mahali penyewe panaitwa Namba Tisa, machimbo madogo nyuma ya kilima, nusu saa kwa pikipiki kutoka Bugarama. Namba Nane haipo na haijawahi kuwapo.

Siku ya kwanza Apolonia alisimama mbele yao akawaona wote ni wakubwa kwake. Akasema shikamooni. Nusu ya darasa ikaitikia marahaba, nusu ikasimama kwa heshima kama watoto, na mzee mmoja wa nyuma akafanya yote mawili. Hivyo ndivyo walivyoanza.

Alikuwa mtu wa Samuye, binti wa mfugaji, miaka ishirini na saba. Shahada alikuwa nayo, ajira hakuwa nayo. Namba Tisa alikuja kumsaidia shangazi yake kuuza vitenge, na kabla mwezi haujaisha alikuwa ameshika chaki. Utotoni alichunga ndama, na kutoka kwenye kazi hiyo alibaki na somo moja la baba yake: ndama wakitoboa ua, usimkimbilie aliyetoka. Simama kwenye tundu.

Tundu la darasa lake lilikuwa simu.

Benjamini, yule dalali, alikuwa nazo tatu, na zote zilijua saa ya kipindi. Alikuwa anapokea akiwa ameinama chini ya dawati, akinong'ona kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye choo cha shule. Apolonia aliagiza simu ziwekwe mtetemo tu. Madawati yakaanza kutembea. Alileta boksi la biskuti akazikusanya humo. Boksi likawa banda la kuku: simu moja ikilia, ishirini zinafuata, na kila mtu anasimama kutazama kama ni yake. Alitoa amri zizimwe. Walikubali wote kwa adabu kubwa na hakuna aliyezima.

Wala tatizo halikuwa kelele. Kila simu ilikuwa inaondoka na mtu. "Mwalimu, mawe yametoka." "Mwalimu, karasha ya kusagia mawe imekwama." "Mwalimu, narudi sasa hivi." Neno sasa hivi, kwa watu wa machimbo, linaweza kuchukua wiki mbili. Walioanza walikuwa thelathini na mmoja. Kufika mwezi wa tatu, kipindi kilikuwa kinaanza na ishirini na kuisha na tisa.

Ndipo ilipokuja barua ya Afisa Elimu Kata, Bwana Edward. Ilikuwa fupi. Ijumaa ya mwisho wa mwezi afisa angefika mwenyewe. Akikuta wanafunzi wasiopungua kumi na tano waliokaa darasani tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho, darasa litaendelea. Wakipungua, chumba kitarudi kwa shule ya msingi, iliyokihitaji kuwekea mahindi ya uji wa watoto. Darasa jingine la namna hiyo lilikuwa Kahama, na hakuna mtu wa Namba Tisa ambaye angeacha shimo lake kwenda Kahama mara tatu kwa wiki kusoma jiografia.

Apolonia aliwasomea barua ile. Katikati ya kusoma, Benjamini alipokea simu.

Yule mzee wa nyuma aliyeitikia na kusimama siku ya kwanza ndiye aliyebaki baada ya wenzake kutoka. Jina lake Makoye. Mguu wake wa kushoto ulivunjwa na jiwe miaka sita iliyopita, na tangu hapo hakushuka tena wala hakuvuta kamba. Alikuwa anauza tochi.

"Mwalimu," alisema, "wewe unataka simu zizimwe. Simu ya mchimbaji haizimwi. Ikizimwa, mke wake anaanza kulia."

"Sasa nifanyeje, mzee wangu?"

"Isizimwe. Ipokelewe."

Akamweleza. Kwenye mdomo wa kila duara, yaani shimo na kundi lake, yupo mtu wa kamba. Kazi yake ni kuwashusha wenzake na kuwapandisha. Lakini kwa kuwa huko chini hakuna mtandao, anayeshuka humwachia simu yake, na mtu wa kamba huitundika kwenye msumari na kupokea kwa niaba yake. Akipiga mke, akipiga dalali, akipiga hata mkwe, jibu ni moja: yuko shimoni, zamu yake inaisha saa fulani. Na hakuna anayebisha. Aliye chini haitwi. Anaitwa kwa mambo mawili tu, msiba au shimo kutitia. Makoye aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa.

"Nilikuwa najua wake za watu kwa sauti," alisema. "Na wasio wake zao pia, lakini hayo nilitundika msumarini."

Jumatatu iliyofuata alikuja na ubao wenye misumari thelathini, akauegemeza kwenye fremu ya mlango, akakaa kizingitini na daftari lake mapajani. Kila aliyeingia alitundika. Benjamini alitundika moja.

"Na dada zake wawili," alisema Makoye.

Benjamini akatundika na hizo.

"Na ya mwalimu."

Apolonia alisita. Mama yake alikuwa na desturi ya kumpigia kutoka Samuye kila saa tisa na nusu, akiwa amerudi kisimani, kumpa taarifa za ng'ombe. Akatundika.

Siku hiyo mpango ulishindwa. Makoye alipokea kila simu kwa ufasaha, akasema, "Yuko darasani." Na kila mpigaji akajibu, "Ah, darasani tu? Mwambie atoke mara moja." Darasani hapakuhesabika kuwa mahali. Watu sita walitoka. Mama yake Apolonia peke yake ndiye aliyeelewa. Aliongea na Makoye kwa Kisukuma dakika kumi na moja, na kipindi kilipoisha Makoye alikuwa anawajua ng'ombe wote kwa majina.

Jumatano, simu ya kwanza kulia ilikuwa ya Benjamini. Makoye alikuwa ameinamia hesabu ya sehemu, kalamu mdomoni. Aliinyakua simu bila kuinua macho, na miaka kumi na tisa ikamtoka yenyewe:

"Yuko shimoni. Kumi na moja."

Mpigaji alishusha sauti. Kisha, kwa upole kabisa: "Haya mzee. Akipanda mwambie nilipiga."

Makoye aliitazama simu. Apolonia, ubaoni, alimtazama Makoye. Kila mmoja alijua mwenzake amesikia. Simu ya pili ikalia.

"Yuko shimoni," alisema Makoye, safari hii kwa makusudi.

Hakuna aliyetoka siku hiyo. Wala Ijumaa, wala Jumatatu. Apolonia alifundisha sehemu na desimali mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aje Namba Tisa. Jumapili alikaa kanisani akijaribu kukumbuka kama kuna amri inayohusu uongo wa mtu mwingine unaokufaa wewe. Hakuipata, na hakuitafuta sana.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi Bwana Edward alifika na pikipiki, shati limechomekewa, faili kwapani. Mlangoni alikuta mkono umenyooshwa.

"Simu, afisa," alisema Makoye.

"Mimi ni mkaguzi."

"Nimekuona. Msumari wako ni ule wa juu, kwa heshima."

Edward alicheka, akatundika, akaingia. Alihesabu kwa kidole. Kumi na tano. Akahesabu tena, kumi na tano.

"Na huyu wa mlangoni?"

"Ni mwanafunzi," alisema Apolonia.

"Barua inasema darasani. Kizingiti ni darasani?"

Wakatazama kizingiti. Hakikuwa darasani. Basi walikuwa kumi na tano kamili, bila wa akiba. Edward akakaa nyuma, akafungua faili, akaandika saa.

Somo lilikuwa miamba. Apolonia alisoma kitabuni kwamba mwamba wa volkano hupoa na kuwa mgumu. Mwanafunzi aliyekaa karibu na dirisha akasema ugumu unategemea na unagongwa na nani. Darasa likacheka, Apolonia naye akacheka, na alikuwa anachora tabaka la kwanza ubaoni simu ilipolia mlangoni.

"Yuko shimoni," alisema Makoye. "Nani? Mama Kudra. Ndiyo, shimoni. Atapanda kumi na moja."

Chaki ya Apolonia ilikatika.

Mama Kudra, jina lake Vumilia, alikaa dawati la pili, mwanamke wa miaka arobaini na moja anayewapikia wachimbaji wa duara la Masudi. Alikuwa anasoma kwa siri. Binti yake Kudra alikuwa kidato cha pili, na mama mtu alikuwa ameapa kwamba siku binti atakapomaliza, hatamkuta nyumbani mtu wa kusomewa barua. Kambini alisema anaenda kufuata mkaa. Na katika machimbo ya Namba Tisa, jambo ambalo hata ng'ombe wa Samuye wangelijua, mwanamke hashuki shimoni. Wanasema akishuka, dhahabu inakimbia, mpaka shimo lisafishwe kwa damu ya mbuzi.

Makoye bado alikuwa ameishika simu sikioni, ingawa ilishakatika. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeachia kamba.

"Alikuwa nani?" Apolonia aliuliza kwa midomo tu.

"Masudi," alijibu Makoye kwa midomo tu.

Mama Kudra hakugeuka. Alikuwa anachora tabaka la kwanza kwa rula.

Walifika saa kumi na nusu, na walisikika kabla hawajaonekana, kwa sababu walikuwa na mbuzi. Mbele alikuwa Masudi mwenyewe, mwenye duara, kofia mkononi, jasho shingoni. Nyuma yake wachimbaji kumi na wanane, matope mpaka kiunoni. Mbuzi alikuwa mweupe, amefungwa kamba, na hakufurahia safari.

"Makoye," alisema Masudi. "Nimepandisha duara zima. Mmoja mmoja. Watu kumi na wanane nimewamulika usoni kutafuta Mama Kudra. Hayumo. Nikajiuliza, basi yuko shimo la nani? Nikakumbuka sauti. Makoye hashiki kamba miaka sita. Makoye yuko shule."

"Shikamoo, Masudi," alisema Makoye, ambaye alikuwa mkubwa wake kwa miaka kumi na mitano.

Masudi alichanganyikiwa, akaitikia marahaba, kisha akakumbuka alichofuata. Akachungulia ndani. Akamwona.

"Mama Kudra. Toka nje."

Vumilia aliweka rula chini. Mkono wake mmoja ulikuwa tayari kwenye ukingo wa dawati. Ni mtu aliyezoea kuitwa akainuka. Ndiyo kazi yake. Bwana Edward aliinua kalamu. Benjamini naye alishaanza kuinuka, maana kulikuwa na jambo nje na yeye hakuwamo.

Apolonia aliona kumi na tano inakuwa kumi na nne, kisha kumi na tatu, kisha mahindi. Hakumkimbilia Vumilia. Alikwenda akasimama mlangoni, mgongo kwa darasa, chaki mkononi.

"Hatoki, Baba," alimwambia Masudi. "Kipindi kimebaki dakika ishirini na tano."

"Mwalimu, shikamoo ya Makoye haijatosha? Kuna wanaume kumi na wanane wamesimama. Mbuzi kashafungwa. Tunataka kujua kama kashuka au hajashuka, tumchinje au tusimchinje. Mbuzi, namaanisha."

"Nitakuuliza kitu kimoja. Mtu wako akiwa chini, mkewe akaja mdomoni, anamtaka. Unampandisha?"

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Simpandishi. Anasubiri zamu iishe."

"Akija dalali?"

"Anasubiri."

"Akija mwenye duara jingine na watu kumi na wanane?"

Masudi aliigeuza kofia mkononi. Mmoja wa wachimbaji nyuma alisema taratibu, "Hapo ngosha wetu kapatikana," na mwenzake akamkanyaga mguu.

"Hii ni zamu yao," alisema Apolonia. "Nami ndiye mwenye duara hili."

Masudi alimtazama Makoye, kama mtu anayeuliza kanuni kwa mtaalamu. Makoye akaitikia kwa kichwa polepole: ndivyo ilivyo.

Basi Masudi akavaa kofia, akakaa chini ukutani. Wengine wakafuata. Mbuzi akafungwa kwenye nguzo ya kibaraza.

Apolonia alirudi ubaoni akaendelea na tabaka la pili. Kwa dakika chache walisikika chaki na mbuzi tu. Kisha akasema kwamba, kwa mujibu wa kitabu, mishipa ya dhahabu hupita kwenye mwamba mweupe wa kwazi. Dirishani kikatokea kichwa cha matope.

"Si mara zote, Mwalimu. Tulishaikuta kwenye mweusi."

"Nyoosha mkono," alisema Apolonia.

Kichwa kikatoweka, ukatokea mkono. Kufika saa kumi na moja madirisha yote matatu yalikuwa yamejaa, na wa nje walikuwa wanabishana na wa ndani kuhusu maji ya chini ya ardhi, kwa kunyoosha mikono.

Makoye aligonga ubao wa misumari mara tatu, ishara ya kupandisha. Ndipo Vumilia alipotoka, daftari kifuani.

"Kwa hiyo hukushuka," alisema Masudi.

"Nishuke na gauni hili? Nilikuwa hapa. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Mwalimu, mwonyeshe."

Apolonia alileta daftari la mahudhurio. Masudi alilisoma kwa kidole, mwezi mzima, alama kwa alama, kisha akawageukia watu wake akatangaza kwamba shimo ni safi.

"Ulisema unafuata mkaa," aliongeza, na sauti yake ilikuwa na huzuni kidogo. "Ungeniambia."

"Ungecheka."

"Ningecheka," alikubali Masudi. "Halafu ningeacha."

"Na mimi nikuulize. Wali wangu unashuka shimoni kila siku, nimeupika kwa mikono hii. Mbona dhahabu haijakimbia?"

Wachimbaji walitazamana. Hilo halikuwa limefikiriwa.

"Na huyo mbuzi," aliendelea Mama Kudra, "mlipanga nani ampike?"

Ilikuwa wazi kwamba walipanga ampike yeye. Mbuzi alifunguliwa.

Bwana Edward alimwita Apolonia pembeni. "Kwa nini huyu mzee anawaambia watu wanafunzi wako wako shimoni?"

Angeweza kusema ni makosa ya lugha, au uzee. "Kwa sababu akisema wako darasani, wanaambiwa watoke," alijibu. "Nilijua, afisa. Nilinyamaza. Tangu leo atasema kweli, hata wakiisha wote."

Edward alifunga faili lake. Alikwenda kuchukua simu yake kwenye msumari wa juu.

"Imelia mara tatu," alisema Makoye. "Mtu wa wilayani, sauti nzito. Nilimwambia uko darasani."

"Akasemaje?"

"Akasema utoke. Nikamwambia hutoki mpaka kumi na moja, na hata yeye akija atasubiri. Kuna mwenye duara hapa, nikamwambia, kakaa chini anasubiri." Makoye alifikiri kidogo. "Hapo akapoa. Akauliza, hilo ni darasa gani."

Edward alikaa juu ya pikipiki yake, akaweka faili kwenye tangi, akaandika akiwa hapo hapo. Apolonia aliisoma nakala wiki iliyofuata: *Waliokaa darasani kipindi kizima: kumi na tano. Waliofuatilia kutoka dirishani: kumi na wanane. Mbuzi: mmoja. Chumba kisichukuliwe.*

Jumatatu watu wanne wa duara la Masudi walikuja na madaftari, wamenawa mpaka viwiko. Masudi hakuja, lakini kambini alikuwa ameshapitisha neno kwamba aliye darasani kwa Mwalimu Apolonia ni kama aliyeshuka, asiitwe mpaka apande. Makoye alimwonyesha kila mmoja msumari wake. Saa tisa na nusu simu ya mwalimu ikalia, na Apolonia, akigawanya desimali, akamsikia mlangoni akiongea Kisukuma na mama yake.

"Yuko darasani, mayu," alikuwa anasema. "Hapana, hata kama ng'ombe kazaa. Ndama asubiri. Ni yule mwekundu au yule mwenye pembe moja?"